Cha Shahada na cha Pete

Chechelesi, Isiolo

Talaso,

Salaam aleikum. Mengine ya kujuliana hali tuyaache, kwa sababu hali yangu unaijua kuliko mimi, na yako hutaki niijue.

Lori la kukupeleka kazini Sericho linaondoka kesho alfajiri. Sasa hivi umetoka kwenda sokoni kutafuta betri za tochi, na mimi nimekaa kwenye mkeka nimeegemea ukuta, naandika kwa mkono wa kulia ambao bado unanitii. Sitakuandikia juu ya kuchemsha maji, wala neti, wala wanaume. Wewe ni muuguzi, hayo umeyasoma. Na hata kama hungesoma, tangu ukiwa msichana mdogo hujawahi kungoja mimi nikwambie la kufanya. Nataka kukuandikia juu ya mkono wako. Tumeishi nao nyumba moja miaka hii yote, na tukiwa wawili peke yetu hatujawahi kuutaja.

Nianze na akko wako, mama ya baba yako, kwa sababu yeye ndiye alileta jambo hili. Wewe ulimjua akiwa nyanya asiyeona vizuri, anayeuliza nani amemnyima sukari. Mimi nilimjua akiwa na macho. Walipokuja kwetu Merti kuniposa, wanaume walikaa nje wakizungumza habari za ng'ombe, yeye akaingia ndani, akaniambia, "Lete mkono." Nilidhani anataka kuona kama najua kazi. Akauweka juu ya goti lake, akavinyoosha vidole vyangu kimoja kimoja, akaangalia viwili tu: cha shahada na cha pete. Changu cha shahada kimekipita cha pete, unakijua. Akatoka nje akawaambia wanaume wamalize maneno yao.

Sijamsikia Mborana mwingine akiamini kitu hicho, na sijui alikitoa wapi. Kwake kilikuwa kama kuchomoza kwa jua. Mwenye cha shahada kirefu ni mtu wa kutoa, hata usipoomba atakupa. Mwenye cha pete kirefu ni mtu wa kuchukua. Mwanamume akiwa hivyo si neno, atalinda mifugo yake. Lakini mwanamke akiwa na mkono huo, nyumba itakufa njaa na yeye ameshiba.

Wewe ulizaliwa hapa hapa, kwenye chumba hiki, na yeye ndiye alikupokea. Kabla hajakufuta uso alifungua ngumi yako. Akavipima viwili vile, akasema, "Huyu amekuja na mkono wa kiume. Usitegemee huruma kwake." Mimi nilikuwa nimelala hapo bado natoka damu, na akakuweka kifuani kwangu. Mama wengine husimulia uso waliouona mara ya kwanza. Mimi niliangalia kidole.

Usifikiri nilikuwa mjinga. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane, nilijua kidole ni kidole. Lakini mimi nilikuwa nimesifiwa kwa mkono wangu, na mtu hatupi kipimo ambacho kimempima vizuri. Chechelesi nzima ilinijua. Maziwa ya ngamia yakija kutoka Kulamawe, kabla ya kuyapeleka mjini nilikuwa natoa kikombe kwa jirani aliyejifungua, kikombe kwa mzee mgonjwa. Ijumaa watu walikuwa wanapita mlangoni kwangu. Walisema Darmi ana mkono wazi, na akko alikuwa anawajibu, "Mimi ndiye niliuchagua." Hakuna aliyejua kwamba kila kikombe nilikifikiria kwanza. Nilifikiria nani ataona, nani atasema, nani atanirudishia kesho. Sikuwahi kutoa kitu mkono ukiwa mbele ya akili. Nilidhani watu wote wako hivyo, na kwamba tofauti yetu ni hesabu tu.

Kisha akaja Guyo, mdogo wako, na Guyo alikuwa na mkono wangu. Akko alikuwa anaubusu. Wewe ulikuwa unasimama pembeni unaangalia, na mara moja nilikukuta umeweka kiganja chako juu ya kiganja chake, unalinganisha. Nilikupita nikaenda zangu.

Haya mengine unayakumbuka kwa njia yako. Mimi nitayasema jinsi yalivyokuwa kwangu.

Mwaka ule wa ukame tulikwenda kumwona baba yako upande wa Sericho, alikokuwa amehamisha ng'ombe kufuata majani. Guyo alikuwa ameanza kutembea. Akashikwa na kuhara huko malishoni, na maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Baba yako akatupandisha kwenye lori la mbuzi lililokuwa likija soko la Isiolo, yeye akabaki na ng'ombe waliobaki. Kabla hatujafika Garbatulla lori likaharibika. Maji ya lori yalikuwa yameishia kwenye rejeta. Dereva akaenda kwa miguu kutafuta msaada, mwenzake akabaki na mbuzi na sisi, na sisi tulikuwa na mtungi wetu mdogo wa njano, maji yamefika chini ya nusu. Katika maji hayo nilikuwa nachota kidogo, natia chumvi na sukari, namnywesha Guyo kwa kijiko. Anatapika, namnywesha tena.

Ndipo alipotokea yule mwanamke kutoka vichakani. Alikuwa na mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelegea upande mmoja. Hakuomba. Alikaa kwenye kivuli cha gurudumu akauangalia mtungi.

Nimewahi kuwaambia watu kwamba wakati huo nilikuwa nimesinzia. Sikuwa nimesinzia. Nilimwona vizuri, na nilimwona mtoto wake, na nikapiga hesabu. Maji haya ni ya Guyo mpaka gari lije. Gari halijulikani litakuja lini. Nikimpa huyu kikombe, mtoto wake atataka cha pili. Nilifikiria yote hayo kwa utulivu kabisa, na nilikuwa sahihi. Nikakwambia kwa Kiswahili, nikidhani mtu wa porini hatasikia, "Mtungi usiguse."

Hata sijamaliza kusema, wewe ulikuwa umesimama.

Nimeirudia picha hiyo mara nyingi kuliko picha ya mazishi. Uso wako haukuwa uso wa mtu anayeamua. Hukuniangalia mimi, hukumwangalia Guyo, hukuangalia maji yamebaki kiasi gani. Ulimpa yule mtoto kikombe, akanywa, na alipomaliza ukamnyooshea mama yake mtungi wenyewe. Ulikuwa mtoto, hukujua kwamba mwenye kiu hana kipimo. Alinywa huku maji yanamwagika shingoni. Mimi nilikuwa na Guyo mapajani, na nilipofika kuunyakua mtungi, yaliyobaki hayakujaza kikombe.

Nilikupiga mpaka mtu wa lori akanishika mikono. Yule mwanamke aliona yote. Aliuinua mtungi kutoka mchangani, akaufunga kifuniko, akauweka karibu nami, akarudi kukaa pale pale. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Pikapu ilikuja jioni. Tulipanda wote, na yeye pia. Alishuka Kulamawe kwa watu wake, mtoto wake ameamka, anaangalia taa. Guyo aliacha kunishika shingo tulipoipita Kulamawe.

Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo naliandikia barua hii. Wanawake walipojaa hapa msibani, nilikuita katikati yao. Ulikuja ukidhani nitakupakata. Nikakushika mkono, nikauinua juu, nikasema, "Huu ndio mkono uliomaliza maji ya mwanangu." Na hakuna hata mmoja aliyeuliza jinsi mkono wa kuchukua ulivyoweza kutoa. Akko alikuwa ameketi hapo na imani yake yote imepinduliwa mbele yake, na hakuona shida. Alisema, "Amemchukua ndugu yake. Nilisema tangu siku ya kwanza." Mtu akishajua anachotaka kukiona, hata kinyume chake kitamtosha.

Baadaye nilimuuliza daktari mmoja kama maji yale yangemwokoa Guyo. Alifikiri, akaniambia, "Huenda, mama. Na huenda asingepona hata mngekuwa na pipa zima." Mimi nilichukua nusu ya kwanza ya jibu lake nikarudi nayo nyumbani. Leo nakupa na nusu ya pili. Najua haitakutosha. Sitakwambia kwamba hukuhusika, kwa sababu sijui, na wewe si mtu wa kudanganywa. Ninachokijua ni kwamba mimi nilikuwa sahihi kukataa, na wewe ulikuwa sahihi kutoa, na Guyo yuko kaburini. Nimetafuta mahali ambapo mambo hayo matatu hayagongani, na sijapaona.

Mvua ziliporudi, yule mwanamke alikuja. Alikuwa ameuliza njia nzima habari za mama aliyefiwa barabarani. Wewe ndiye ulimfungulia. Alikuwa na mbuzi jike kwa kamba, na mtoto wake anatembea mwenyewe, na ulipowaona ulicheka. Sikuwa nimesikia ukicheka tangu Guyo. Ulipiga magoti ukamshika yule mtoto mashavu.

Nilitoka nikamwambia mama yake asimlete tena mtoto huyo mbele ya macho yangu. Alijaribu kusema kitu. Nikamwambia, "Wako anatembea. Wangu nimemfukia. Unataka nikupongeze?" Akamfunga mbuzi kwenye nguzo ya mlango akaondoka, na mtoto wake akawa anakugeukia mpaka kwenye kona. Mbuzi yule angeweza kukaa. Alikuwa mzuri, alikuwa na mimba. Nikamwita jirani aje amchinje siku ile ile, nikakwambia wewe ushike miguu. Ulishika. Hukulia, na mimi nikasema moyoni, unaona, hana huruma. Nyama ile niliigawa Chechelesi nzima, kila nyumba na fungu lake, na watu wakaniombea dua. Wewe ndiye ulipeleka mafungu. Ulilala bila kula, na mimi sikukuuliza.

Ulikuwa hujafika hata darasa la tano.

Baada ya hapo nilikufanya mlango wangu. Ombaomba akija siku ambayo si Ijumaa, nilikuwa nakutuma wewe, "Mwambie hakuna." Jirani akija kuazima, unakwenda wewe. Shangazi yako alipotaka kumleta mwanawe akae hapa asome, wewe ndiye nilikutuma kumwambia nyumba imejaa, na mimi nikampigia simu nikalia naye. Nilijiambia kwamba wewe haikuumi. Mkono wako ulikuwa umeumbwa kwa kazi hiyo, kwa nini niutumie wangu? Kwa hivyo miaka ile yote jina zuri lilikaa kwangu, na neno "hakuna" likakaa mdomoni mwako, mpaka watoto wa mtaa wakawa wanasema, ukitaka kitu kwa Mama Talaso, ngoja Talaso aende shule.

Mara za kwanza nilikuwa nakuona unasita. Unasimama hapo mlangoni mkono kwenye komeo. Kisha kusita kukapungua. Kisha siku moja nilikuwa jikoni, mzee mmoja kipofu akaja akiongozwa na mjukuu, na mimi sikuwa nimekutuma. Ulimwambia "hakuna" mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, ukarudi kwenye vitabu vyako. Kulikuwa na ugali mzima kwenye sufuria. Niliuangalia ugali ule, nikakuangalia wewe, na nilichohisi, Talaso, kilikuwa raha. Akko alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa sahihi. Sikujiuliza nani amekufundisha.

Ukawa mtu wa kufikiri kwanza. Walimu walikusifu kwa hilo. Kwenye sahani uligawa nyama hadi mtu hawezi kulalamika wala kushukuru. Rafiki yako akilia, unamngoja amalize. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuja mara moja kutoka malishoni akakaa nasi muda, na akaniambia kabla ya kurudi, "Huyu mtoto alikuwa anakimbilia watu. Sasa anawasubiri." Nikamwambia amekua. Yeye ndiye pekee ambaye hakuwahi kuuangalia mkono wako, na hakuwa anakaa nyumbani.

Ulipokuwa mwaka wa pili chuoni, ulikuja likizo ya Idi. Nyumba ilikuwa na wageni, wanawake wa mtaa wanakula, na mmoja wao akaleta mzaha wa zamani, akasema, "Talaso, bado una ule mkono?" Nikatabasamu. Wewe ulifuta vidole vyako kwanza. Ukawaeleza, kama unafundisha darasa, kwamba chuoni mwalimu wenu amewaambia wapo watu wazima na elimu yao wanaopima vidole hivyo hivyo viwili kwa rula. Wanasema urefu wake hutokana na homoni mtoto anazozipata akiwa tumboni. Ukasema wanatafuta kama kuna uhusiano na ukarimu, na kama mtu anatoa zaidi akiwa hajapewa nafasi ya kufikiri au akiwa amepewa. Wengine wanaona kitu, wengine hawaoni chochote, na bado wanabishana. Wanawake walishangaa kwamba akko hakuwa peke yake. Kisha ukanigeukia, ukasema bila hasira yoyote,

"Kwa hivyo kama ni tumbo, Mama, ni lako."

Ukaondoa sahani ukaenda kuosha.

Nilikuchukia kwa siku nyingi kwa neno lile. Nilitaka kukujibu na kila jibu lilikuwa linaangukia kwangu. Kama mkono wako ulikuwa umeumbwa mgumu, aliyeuumba mgumu ni mwili wangu. Na kama haukuumbwa hivyo, basi aliyeufanya ni mimi vile vile, tena kwa macho wazi na kwa miaka mingi. Sikupata njia ya tatu. Kama chuoni wameipata, hukuniambia.

Sasa lile la mwaka huu. Hili sijamwambia mtu.

Asubuhi ile presha iliponiangusha, nilikuwa nainama kuwasha jiko. Upande wa kushoto ulizimika kama taa, nikaanguka kati ya jiko na ukuta, na mdomo haukutoa neno. Wewe ulikuja na chupa ya chai. Ulisimama mlangoni. Nilikuwa nakuona vizuri kutoka pale chini, macho yalikuwa yanafanya kazi. Uliniangalia. Hukupiga kelele, hukuiangusha chupa, hukukimbia. Ulisimama, na nikaona uso wako unafanya kazi, na nikautambua uso huo kwa sababu ni wangu. Ndio uso niliokuwa nao kwenye kivuli cha lori. Nilijua unachokifanya. Ulikuwa unapima.

Kisha ukaiweka chupa chini taratibu, ukaja, na kila ulichofanya kilikuwa sawa. Ulinilaza kwa ubavu, ukafungua nguo shingoni, ukamwita jirani mwenye gari, ukaenda nami hospitalini ukiwa umenishika kichwa. Madaktari walisema ni wewe uliyeniokoa. Nilipoanza kusema tena, nilikuuliza ulikuwa unafikiria nini pale mlangoni. Ukasema, "Nilikuwa naangalia ni upande gani umepooza."

Huenda ni kweli. Muuguzi lazima aangalie. Nimelala na jibu hilo wiki nyingi, na sijui bado ni muuguzi aliyesimama pale, au ni mtoto wangu. Sikuulizi tena. Kama ulikuwa unafikiria uniache, ulikuwa na haki ya kufikiria, na ulinipa zaidi ya nilivyompa yule mwanamke, kwa sababu wewe ulipomaliza hesabu ulikuja.

Lakini kesho unakwenda Sericho, na watu wa huko hawakukukosea kitu. Zahanati ni mbali, maji ni machache, dawa zitaisha kabla ya wagonjwa. Utawekwa mahali pangu, Talaso. Si mara moja kama mimi, kila wiki. Atakuja mama mwenye mtoto, kisha wa pili, na utakuwa na kitu cha mmoja. Wamekufundisha jinsi ya kuchagua, na uchague walivyokufundisha. Sina la kuongeza hapo, mimi niliyechagua vizuri na kumzika. Nitakwambia tu yanayokuja baadaye, kwa sababu sidhani yako kwenye vitabu vyenu.

Yule utakayemkosa, mama yake atatafuta mahali pa kuweka maiti ile. Mikononi mwake hamkaliki. Atakuangalia kutoka juu mpaka chini akitafuta kitu kwenye mwili wako cha kukibebesha: jicho lako, kabila lako, jinsi ulivyomjibu. Mimi nilipata kidole. Akikipata, usimkatalie na usikipokee. Mwache akupige kelele. Lakini usiku usijikalishe ukaanza kujiangalia mikono kama ulivyokuwa unafanya hapa. Nilikuwa nakuona. Ulikuwa unavikunja vidole na kuvikunjua karibu na koroboi ukidhani nimelala, na ningeweza kukwambia neno moja tu. Sikulisema kwa sababu ilikuwa afadhali iwe wewe kuliko mimi. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimeitafuta nyingine nzuri zaidi nikuandikie, haipo.

Na jambo jingine. Utafika huko umejifunga kila kifungo, na watakuheshimu. Watasema muuguzi wetu ni mtu wa haki. Sitaki hilo likutoshe. Itakuja siku ambapo mwili wako utasimama kabla hujajua kwa nini umesimama. Umekaa muda mrefu bila kuusikia ukifanya hivyo, na utakushtua, na utataka kukaa chini tena. Usikae. Utalipia, sikudanganyi. Mara nyingine watalipia wengine. Mimi nilizaa mtoto mmoja ambaye alisimama bila kuuliza, nikatumia miaka yote niliyopewa naye kumfundisha kukaa. Sijui kama amebaki hata kidogo ndani yako. Kama hayupo, nilimuua mimi, na huyo hana daktari wa kuniambia huenda.

Kwangu, endelea kufikiri kwanza. Ukisikia nimeanguka tena, simama mlangoni kadiri upendavyo. Ukiamua usije, hakuna mtu Chechelesi atakayesikia lawama kutoka kwangu, na hii barua unayo.

Leo mchana, kabla hujaenda sokoni, ulileta beseni la maji ya vuguvugu ukakaa mbele yangu kunikata kucha, kwa sababu mkono wa kushoto hauwezi kushika wembe. Uliuchukua mkono wangu uliokufa ukauweka juu ya goti lako, ukavinyoosha vidole kimoja kimoja. Ulipofika cha shahada wembe ulikuwa umekaa chini kabisa, penye nyama, na upande huo sihisi chochote, ningejua tu nikiona damu. Nilikuangalia wewe badala ya kuangalia wembe. Ulikata polepole, ulimi umeubana kwenye meno, kama ulivyokuwa unafanya ukiandika ukiwa mdogo. Damu haikutoka. Ukanifuta, ukaurudisha mkono wangu juu ya mapaja yangu, ukamwaga maji nje.

Hukuniumiza, Talaso, na ungeweza.

Mama yako,
Darmi